Vita Vilivyoingia Jikoni

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1942, miezi mitano tangu Wajapani waliposhambulia bandari ya Pearl Harbor, raia wa Marekani, wa miji mikubwa na wa vijiji ambavyo garimoshi halikuvitazama mara mbili, walikwenda katika shule za watoto wao, si kuuliza habari za masomo, bali kujipanga mbele ya walimu na kukiri, kila mtu kwa zamu yake, kiasi cha sukari alichokuwa nacho nyumbani. Shughuli hiyo ilichukua siku nne, tangu tarehe 4 hadi tarehe 7. Mwalimu, ambaye juma lililopita alikuwa akifundisha hesabu za kujumlisha na kutoa, sasa alikuwa karani wa dola: aliandika jina la mtu, umri wake, kimo chake, uzito wake na rangi ya macho yake, mtoto mchanga sawasawa na mzee wa mkongojo; kisha akauliza habari ya sukari, na kwa kadiri ya ungamo la mwenye nyumba akachana stempu katika kijitabu kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Sheria ilikuwa na adhabu kwa mwongo, lakini hapakuwa na askari wa kutosha, wala hawakupata kuwapo, wa kwenda kufungua makabati ya nyumba milioni kwa milioni. Neno la mtu ndilo lililokuwa mizani.

Nimeanza na sukari kwa makusudi. Wanaoandika tarikhi ya vita vile aghalabu huandika majemadari, manowari na miji iliyoteketea, na haki yao. Lakini kwa Wamarekani wengi mno, ambao tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho hawakusikia mshindo wa mzinga hata mmoja, vita havikuwa uwanjani wala baharini. Vilikuwa jikoni. Vilikaa juu ya rafu, baina ya kopo la chumvi na kopo la unga, na aliyepigana navyo kila siku alikuwa mama wa nyumbani, ambaye dola, kwa sababu haikuweza kumwekea mlinzi mlangoni, ililazimika kumwamini. Kumwamini huko ndiko ninakotaka kukueleza, pamoja na mahali ambapo imani hiyo ilikataa kufika.

Sababu ya kuanza na sukari haikuwa siri. Ufilipino, ambako sehemu ya sukari ya Marekani ilitoka, kulikuwa kumeingiwa na Wajapani. Sukari ya Cuba na ya Puerto Rico ilitaka merikebu, na merikebu zilitakiwa kuchukua askari na silaha, ilhali manowari za chini ya bahari za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha karibu na ufuko wa Marekani wenyewe. Tena maji ya miwa yaliyopikwa yakawa mazito yalikuwa na kazi nyingine: yalitolewa spiriti, na spiriti ikaingia katika viwanda vya baruti. Basi fungu la mtu mmoja likawekwa kuwa nusu ratili kwa juma. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ikafuata kahawa, ratili moja kwa kila majuma matano kwa aliyepita umri wa miaka 15, na hali hiyo ilidumu mpaka Julai 1943. Msomaji wa pwani, aliyezoea kuona kahawa ikizunguka barazani kikombe baada ya kikombe, atafahamu bila ya kuelezwa ni tabia gani za watu zilizoguswa na amri hiyo: makombo ya kahawa yalichemshwa mara ya pili, na mgeni aliyekaribishwa kikombe alijua kwamba anakunywa fungu la mwenyeji wake.

Juu ya shughuli zote hizo serikali iliweka idara ya kusimamia bei na mgao, na chini ya idara hiyo zikawa baraza za mahali, zaidi ya 5,000 nchi nzima, ambazo wajumbe wake wengi walifanya kazi bila ya mshahara: mwenye duka, mwalimu mstaafu, mke wa kasisi. Mtu aliyetaka mpira mpya wa gari au sukari zaidi ya kuhifadhia matunda hakwenda kwa ofisa asiyemjua. Alikwenda kwa jirani yake, aliyejua kama miti yake ya matunda imezaa mwaka huo au haikuzaa.

Kazi ya hesabu yenyewe ilikuja Februari 1943, pamoja na kijitabu cha pili. Hapo mambo yalipata ugumu ambao, nikiufikiri, hunifanya niwastahi sana wanawake wale. Palikuwa na stempu za buluu kwa vyakula vya makopo, na stempu nyekundu kwa nyama, siagi, jibini na mafuta. Kila mtu alikuwa na pointi 48 za buluu kwa mwezi na, tangu mwisho wa Machi, pointi 16 nyekundu kwa juma. Na kila kitu dukani kilikuwa na bei mbili, moja ya fedha na moja ya pointi, na bei ya pointi haikukaa mahali pamoja, bali ilipanda na kushuka kwa kadiri bidhaa ilivyopatikana, ikatangazwa magazetini kama zinavyotangazwa saa za maji kujaa na kupwa. Stempu nazo zilikuwa na ajali yake: isiyotumiwa kwa muda uliowekwa hufa. Mtazame basi mwanamke mwenye watoto wanne, amesimama mbele ya meza ya mwuza nyama siku ya Jumamosi. Anajua fedha alizo nazo. Anajua pia kwamba kipande kile cha paja kitamlia pointi za siku tano, kwamba siagi imebaki robo, kwamba stempu za herufi fulani zinakufa kesho kutwa na za herufi nyingine hazijaanza kufaa, na nyuma yake safu inangoja. Hesabu hiyo yote aliifanya kichwani, kwa dakika moja, na aliifanya kila juma kwa miaka. Wale waliokuwa na watoto wadogo walikuwa na nafuu, maana mchanga asiye na meno alihesabiwa fungu zima la nyama, nalo likaliwa na nduguze. Mwanzoni mwa mwaka 1944 serikali ikatoa vibapa vidogo vya duara, vyekundu na vya buluu, vilivyotengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa zikawa ngumu, ili mwenye duka aweze kurudisha chenji ya pointi kama anavyorudisha chenji ya senti. Senti yenyewe ilikuwa imekwisha badilika: katika mwaka 1943 zilipigwa senti za chuma zilizopakwa zinki, nyeupe, kwa sababu shaba ilitakiwa kwa risasi.

Si kila amri iliyokuwa na hekima. Tarehe 18 Januari 1943, Claude Wickard, waziri wa kilimo, alipiga marufuku mkate uliokatwa vipande kabla ya kuuzwa, kwa hoja kwamba mkate wa namna hiyo hutaka karatasi nzito zaidi ya nta usikauke, na kwamba chuma cha mashine za kukatia kinahitajiwa kwingine. Akina mama waliokuwa wakifunga chakula cha mume, cha watoto wa shule na cha wao wenyewe waendao kiwandani, kabla ya mapambazuko, walipiga kelele ikasikika mpaka Washington, na tarehe 8 Machi amri ikaondolewa. Watu hawa hawakuwa kondoo. Walikubali kunyimwa nyama, lakini walitaka kuelezwa sababu, na sababu isipokuwa na uzito waliirudisha kwa mwenyewe.

Lakini kitu ambacho kwangu huonyesha vita vile kuliko stempu zote ni kopo la mafuta. Lilikuwa kopo la kawaida, la chakula kilicholiwa, limesuguliwa likatakata, na mahali pake palikuwa kando ya jiko. Baada ya kukaanga nyama mwanamke hakumwaga mafuta yaliyobaki kikaangoni. Aliyaacha yapoe kidogo, akayachuja kwa kitambaa au kichujio ili mabaki ya nyama yasiingie, akayatia koponi, akalifunika na kuliweka mahali pa baridi mpaka lijae. Lilipojaa alilichukua kwa mwuza nyama, ambaye alilipima, akampa senti nne kwa ratili na, katika siku za baadaye, pointi nyekundu mbili juu yake. Kutoka hapo mafuta yalikwenda kiwandani, yakatenganishwa, na kilichotakiwa ndani yake kilikuwa gliserini, maana gliserini ikichanganywa na tindikali kali huwa mama wa baruti. Sehemu nyingine ikawa sabuni. Mabango ya serikali yaliwaambia wanawake waziwazi kwamba kikaango chao na mzinga ni jamaa. Nadhani yapo mambo machache katika tarikhi ya majiko yanayotisha kama hilo, na sidhani kwamba waliolisikia walilisikia kwa wepesi: mwanamke aliyekuwa akikaanga nyama ya asubuhi, ambaye mwanawe alikuwa Sisilia au katika kisiwa cha Pasifiki, aliangalia yale mafuta yakiganda meupe ndani ya kopo, akajua kwamba yatamfuata mwanawe, na yatakwenda kwa mwana wa mwanamke mwingine pia.

Bustani ziliimbwa zaidi kuliko kopo, na kweli zilikuwa nyingi. Katika mwaka 1943 zilihesabiwa kiasi cha milioni 20 zilizoitwa Bustani za Ushindi, nyuma ya nyumba, kando ya reli, katika viwanja vya michezo, juu ya mapaa ya nyumba za mjini. Mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, alitaka ilimwe moja katika ardhi ya Ikulu, na ikalimwa. Mboga zilizozidi zilihifadhiwa katika chupa za mdomo mpana, kazi ya mwezi wa Agosti, jiko likifuka mvuke mchana kutwa, na wanawake wa mtaa wakachangia sufuria moja ya kupikia kwa mgandamizo, maana chuma cha kutengenezea nyingine hakikuwapo. Katika mji wa Boston bustani za Fenway, zilizofunguliwa mwaka 1942, zingali zikilimwa hata leo.

Ila yapo matuta mengine ambayo hayakuimbwa. Katika jimbo la California sehemu kubwa ya mboga za kuuza ilikuwa ikilimwa na jamaa za asili ya Kijapani, watu waliojua ardhi ile kama mtu anavyojua kiganja chake. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia sahihi amri ambayo kwayo watu wapatao 120,000 wa asili hiyo, ambao theluthi mbili yao walikuwa raia waliozaliwa Marekani, walitolewa majumbani na mashambani mwao wakapelekwa katika kambi, nyingi zao jangwani, nyuma ya seng'enge. Mwaka ule ule ambao serikali ilimsihi mke wa karani wa benki, asiyepata kushika jembe, apande nyanya, mkulima aliyejua nyanya alipandishwa garini na mizigo aliyoweza kuichukua mwenyewe, na mazao yake yakabaki shambani. Na huko Manzanar, mahali pa vumbi na upepo mkavu, watu wale walilima tena. Walipanda mboga, wakajenga bustani za mawe na vidimbwi kando ya mabanda ya kambi, na mawe yale yangaliko. Hapa ndipo imani ya dola kwa raia wake ilipokoma, na hakuna udhuru wa vita unaoweza kuifunika dhuluma hiyo.

Wala haikukoma hapo tu. Mmarekani mweusi aliitwa kiwandani na jeshini, akalipa kwa stempu zile zile, akanunua hati za serikali za kukopesha vita, hati ya dola 18 na senti 75 iliyoahidiwa kurudi dola 25 baada ya miaka kumi. Lakini alipotaka kutoa damu yake kwa majeruhi, kwanza ilikataliwa, na ilipokubaliwa iliwekwa mbali na damu ya weupe, katika chupa zilizotiwa alama. A. Philip Randolph alikuwa amemlazimisha Rais, kwa kitisho cha maandamano ya Washington, atoe amri ya Juni 1941 ya kukataza ubaguzi katika viwanda vya silaha. Na gazeti la Pittsburgh Courier, mwanzoni mwa mwaka 1942, lilianza kudai ushindi wa aina mbili, mmoja juu ya adui wa ng'ambo na mmoja juu ya ubaguzi wa nyumbani. Mji wa Detroit, uliokuwa umejaa wahamiaji waliofuata kazi, weusi na weupe, bila ya nyumba za kuwatosha, ulilipuka mwezi wa Juni 1943, wakafa watu 34, na 25 kati yao walikuwa weusi.

Mengine niyapitie kwa haraka. Mpira ulikuwa adimu kuliko petroli, maana mashamba ya mpira ya Malaya na Java yalikuwa mikononi mwa Wajapani. Basi petroli iligawiwa nchi nzima tangu Desemba 1942 kwa ajili ya kuokoa magurudumu, na mwendo wa gari ukafungwa kwa maili 35 kwa saa. Magari ya raia hayakutengenezwa tena tangu Februari 1942. Hariri ya Japani ilikatika, nailoni ikaenda kuwa miavuli ya askari wa angani, na wasichana wakajipaka rangi miguuni na kuchora kwa wanja mstari wa mshono nyuma ya mguu, mwingine akimshikia mwenziwe ili usipinde. Na magendo yalikuwako, hasa ya nyama: mwuza nyama aliyeficha kipande kizuri chini ya meza kwa ajili ya mteja asiyeuliza bei hakuwa nadra.

Vita hivyo vya jikoni vilifika hata kwetu. Nchi ambayo wazee wetu wa Unguja waliijua kwanza kwa nguo ya merikani, iliyoletwa na merikebu za Salem katika karne ya kumi na tisa, sasa ilihitaji vitu vya Afrika Mashariki. Katani ya Manila ilipotekwa pamoja na Ufilipino, mkonge wa Tanganyika ukawa katika bidhaa zilizotafutwa mno na madola ya muungano, kwa kamba za merikebu na kwa kamba za kufungia miganda ya nafaka. Na pareto ya Kenya ikashika mahali pa ile ya Japani katika dawa za kuua mbu waliowasumbua askari wa Marekani. Lakini yule mama wa Marekani alisihiwa kwa bango na kulipwa kwa pointi, ilhali katika Tanganyika watu walikamatwa kwa amri ya serikali ya kikoloni wakapelekwa kukata mkonge. Mchele wa Burma, chakula cha Waunguja, ulikatika mwaka 1942; wala kule Tanganyika hapakuwa na mwalimu aliyewauliza wakataji wa mkonge wana akiba gani nyumbani.

Nimalizie katika mji mdogo wa North Platte, jimbo la Nebraska, ambao wakati huo ulikuwa na watu wapatao 12,000 na uko katikati ya nyika, mbali na bahari zote mbili. Tarehe 17 Desemba 1941 watu wa mji walisikia kwamba garimoshi linapita likichukua vijana wao wa Kikosi D. Wakaja kituoni na keki, matofaa na sigara. Garimoshi lilipofika, vijana waliomo walikuwa wa Kikosi D kweli, lakini wa Kansas. Wakatazamana. Kisha wakawapa wageni wale vitu walivyowaletea wana wao. Siku iliyofuata Rae Wilson, msichana ambaye nduguye alikuwa katika kikosi kile cha Nebraska, aliandika barua gazetini akitaka jambo hilo lifanywe kwa kila garimoshi la askari, na siku ya Krismasi kazi ikaanza.

Magarimoshi yalisimama dakika kumi au kumi na tano tu, muda wa kutia maji na mafuta ya mashine. Katika dakika hizo askari walikimbia mpaka chumba cha kituo, wakakuta mikate, mayai ya kuchemsha, kahawa, maziwa, magazeti, na wanawake wa makamo waliowauliza wametoka wapi. Serikali haikulipa, Rais alileta dola tano zake mwenyewe. Vijiji kiasi cha 125 vilijigawia siku, vingine vikisafiri mwendo mrefu kwa petroli iliyowekwa akiba, na kijana mmoja mdogo alilinadi shati lake katika mnada wa mifugo, na alipolipata tena akalinadi tena. Askari aliyesema kwamba leo ni siku yake ya kuzaliwa alipewa keki nzima, aondoke nayo chini ya kwapa. Kwa kadiri ya hesabu yao, walipita hapo askari wapatao milioni 6.

Keki zile zilitaka sukari, na sukari ilikuwa kwa stempu. Mwanamke wa shamba aliyeleta keki ya mtoto asiyemjua alikuwa ameacha kutia sukari katika kahawa yake juma zima, na mumewe kadhalika, na wanawe waliobaki nyumbani walikuwa wamekula uji usiotiwa sukari. Mlango wa chumba kile ulifungwa tarehe 1 Aprili 1946, vita vimekwisha. Stempu za sukari ziliondolewa Juni 1947. Basi tangu Mei 1942 mpaka garimoshi la mwisho, haikupita keki mlangoni pale ambayo utamu wake haukutoka katika kikombe cha mtu.